Pingili za shingo zimesagika: nikubali kupasuliwa?

Swali

Habari za kazi, mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 46, fundi cherehani. Karibu wiki sita sasa nina maumivu yanayoanzia shingoni upande wa kulia, yanapita nyuma ya bega na kushuka kwa nje ya mkono mpaka kidole gumba na cha shahada. Vidole hivyo viwili vina ganzi, saa nyingine ni kama vinachomwachomwa na sindano. Nikitazama juu kutoa kitambaa kwenye rafu, mkono mzima unapigwa shoti. Pasi naiona nzito kuliko zamani. Usiku silali. Nafuu ninayoipata ni nikiweka kiganja cha mkono huo juu ya kichwa.

Nimepiga MRI. Majibu yanasema diski zimetokeza C4/5, C5/6 na C6/7, ile ya C5/6 imebana njia ya neva upande wa kulia, na mifupa imeota miiba. Daktari wa kwanza aliniambia pingili zimesagika, nijiandae kupasuliwa. Wa pili akasema nianze na mazoezi. Shemeji yangu naye ana mtu wake anayekanda na kuipindua shingo mpaka ilie, anadai nitapona siku hiyo hiyo. Kwa sasa navaa kola ya shingo mchana na usiku na nameza diklofenaki kila siku, ingawa nina presha. Naogopa kupooza. Nifanye nini?

*Fundi Cherehani*

Jibu

Dada Fundi, pole sana. Neva ikibanwa huuma vibaya, na kukosa usingizi kunazidisha. Nianze na hofu ya kupooza, maana hiyo ndiyo inayoweza kukupeleka kwenye upasuaji usiouhitaji, au kwenye mikono ya huyo mtu wa shemeji yako.

Shingo ina pingili 7, zinaandikwa C1 mpaka C7. Diski ni kijimto laini kilicho kati ya pingili na pingili, kwa hiyo C5/6 ni ile iliyo kati ya pingili ya tano na ya sita. Kuna njia mbili humo ambazo ni lazima uzitofautishe. Ya kwanza ni mfereji wa katikati, unaopitisha ugwe mgongo, yaani shina la neva zote linaloshuka kutoka kwenye ubongo na kuhudumia mikono, miguu, kibofu na haja kubwa. Ya pili ni vitundu vya pembeni, kulia na kushoto, ambavyo kila kimoja kinatoa neva moja ya kwenda begani na mkononi. Kitundu cha pembeni kikibanwa, unapata maumivu, ganzi au udhaifu wa mkono mmoja, tena katika eneo la neva ile tu. Mfereji wa katikati ukibanwa, kinachoumia ni ugwe wenyewe, na ulemavu unaouogopa hutokea huko. Haya ni magonjwa mawili. La kwanza mara nyingi muda unalitibu. La pili kila mwezi unaopita bila tiba unaweza kukupotezea kitu kisichorudi. Tatizo ni kwamba kwenye karatasi ya majibu yote mawili huandikwa kwa maneno yanayofanana: diski imetokeza, mfupa umeota, njia imekuwa nyembamba.

Uliyoyaeleza ni ya kitundu cha pembeni. Diski ya C5/6 ikitokeza pembeni hukutana na neva ya sita. Neva hiyo ndiyo inayohisi kidole gumba na cha shahada, na inasaidia kukunja kiwiko na kuinua kifundo cha mkono kwenda nyuma, ndiyo maana pasi imekuwa nzito. Ingekuwa neva ya saba, ambayo ndiyo hubanwa mara nyingi zaidi kuliko zote, ganzi ingekaa kidole cha kati na ungeshindwa kusukuma mlango kwa mkono ulionyooka. Ya nane ingeshika kidole kidogo na nguvu ya kukamata. Ukitazama juu, vitundu vinafinyika zaidi. Ukiweka mkono kichwani, neva inalegea. Nafuu hiyo uliyoigundua mwenyewe ni dalili ambayo madaktari huiuliza makusudi.

Kwa hiyo katika diski zako tatu, inayolingana na mkono wako ni moja. Hizo nyingine mbili huenda zimekuwa hivyo kwa miaka bila kukusumbua. Mwaka 2015 watafiti wa Japan walichapisha matokeo ya MRI za shingo za watu 1,211 ambao hawakuwa na dalili yoyote. Asilimia 87.6 walikuwa na diski zilizotokeza, na hata miongoni mwa vijana wa miaka ya ishirini walio wengi walikuwa nazo. Sasa mtu wa miaka 46 akiambiwa "pingili zimesagika", amepewa maelezo ya umri wake, hajapewa sababu ya kupasuliwa. Maneno hayo yanawatisha watu mno, na ningependa yasitamkwe kabla mgonjwa hajapimwa mikono na miguu.

Je, daktari aliyekuambia ujiandae alikupima? Vipimo vyenyewe ni vya dakika chache. Anagonga kiwiko na kifundo kwa nyundo ndogo kuona mikono inavyoitika, anakugusa vidole kwa pamba na kwa ncha ya pini, anakuambia ukunje kiwiko huku yeye anavuta, kisha anaandika nguvu kwa alama za 0 mpaka 5. Tano ni nguvu kamili. Tatu ni mkono unaoweza kujiinua wenyewe lakini ukiwekewa kizuizi kidogo unashindwa. Alama hii ina uzito kwenye uamuzi wa upasuaji kuliko neno lolote la MRI. Pia anatenganisha udhaifu wa kweli na mkono unaoachia kwa sababu unauma. Kama hukupimwa hivyo, rudi upimwe.

Aangalie na kifundo cha mkono. Mafundi wanaoshika mkasi na kukunja vifundo kutwa hupata neva iliyobanwa pale kiganja kinapoanzia, na ganzi yake hushika gumba, shahada na cha kati. Hiyo huamsha mtu usiku, hupungua akiukung'uta mkono, na haijali shingo imegeukia wapi. Wako unaitikia shingo, lakini mtu anaweza kuwa na yote mawili, na kupasuliwa shingo hakuondoi ganzi ya kifundo. Pakiwa na utata, kuna kipimo cha umeme cha neva kinachoonyesha zinabanwa wapi.

Sasa mambo ya kujipima leo, kuhusu ule mfereji wa katikati. Tunga uzi kwenye sindano kama kawaida yako. Kazi hiyo unaijua usingizini. Mikono yote miwili ikiwa mizito, vidole vikipapasa, vifungo vya blauzi vikikushinda, usipuuze. Fumba na fumbua ngumi haraka kwa sekunde 10: mtu mzima mwenye ugwe salama hufikisha mara 20 au zaidi, anayebanwa ugwe hubaki nyuma sana na vidole vinakuwa kama vimekwama. Tembea kwenye mstari, kisigino kikigusa ncha ya mguu wa nyuma. Je, unayumba kuliko zamani, au miguu ni mizito na imekakamaa? Ukiinamisha kichwa, kuna shoti inayoshuka katikati ya mgongo hadi miguuni? Mkojo unakubana ghafla, au unachelewa kutoka? Ukiona mojawapo ya haya, nenda kwa daktari bingwa wa mgongo au wa neva ndani ya siku chache, na mazoezi yasimame kwanza. Ugwe uliobanwa mara nyingi hauumi, ndiyo maana watu huchelewa wakidhani ni uzee. Mkojo ukizuilika kabisa, au miguu ikiishiwa nguvu ndani ya saa au siku, hiyo ni dharura ya leo leo.

Kuna na hali ambazo hazingoji wiki hata kama mkono ndio unaouma: homa, jasho la usiku au kukonda (kifua kikuu na usaha vinaweza kula pingili), historia ya saratani, ajali au kuanguka, kinga iliyoshuka, au baridi yabisi ya viungo ya muda mrefu, ambayo hulegeza pingili mbili za juu. Na maumivu ya mkono yanayokuja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yachukuliwe kuwa ya moyo mpaka ithibitike vingine.

Kama hakuna hata kimoja katika hayo, una nafasi nzuri ya kupona bila kisu. Huko Rochester, Minnesota, wagonjwa 561 wa neva ya shingo iliyobanwa walifuatiliwa kwa miaka. Karibu robo yao walipasuliwa, na mwishoni asilimia 90 hawakuwa na dalili au walikuwa nazo kidogo tu. Sababu mojawapo inajulikana: kipande laini cha diski kilichotoka hukauka na kumezwa na mwili kwa miezi, na uvimbe unaozunguka neva unashuka kabla ya hapo. Miiba ya mfupa haimezwi, lakini neva ikishatulia inaweza kuishi nayo. Kwa kawaida maumivu ndiyo hutangulia kuondoka, nguvu hufuata, ganzi huwa ya mwisho na inaweza kuburura miezi kadhaa. Usiihesabu ganzi iliyobaki kuwa ni tiba iliyoshindwa.

Diklofenaki uisimamishe na umwone daktari wa presha. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, hupandisha presha, huchubua tumbo na huelemea figo, hasa zikichanganywa na baadhi ya dawa za presha zenyewe. Parasetamoli ni salama zaidi kwako: gramu 1 kwa mara moja, isizidi gramu 4 kwa saa 24, na kidogo kuliko hapo kwa mwenye mwili mdogo au ini lenye shida. Tatizo ni kwamba maumivu ya neva hayaisikii sana. Kwa ajili ya usiku, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 10 jioni, akiipandisha taratibu. Inaleta usingizi na kukausha mdomo, na haiwafai wenye matatizo ya mapigo ya moyo. Gabapentini ni njia nyingine. Hazimsaidii kila mtu, na ukishaizoea gabapentini usiikate ghafla.

Kola haina ubaya, ila muda wake unakwisha. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 205 ambao dalili zao zilikuwa hazijatimiza mwezi, uliwapa kundi moja kola ngumu kiasi kwa wiki 3 za mapumziko kisha wakaiacha taratibu kwa wiki 3 nyingine. Kundi la pili wakapewa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. La tatu waliendelea na shughuli zao. Baada ya wiki 6, makundi mawili ya kwanza yalikuwa na nafuu kubwa kuliko la tatu. Baada ya miezi 6 wote walikuwa karibu sawa. Wewe uko wiki ya sita na bado unaivaa usiku na mchana. Misuli ya shingo inanyong'onyea ndani ya kola, na ukiivua kichwa kinaelemea neva ile ile. Punguza kidogo kidogo: acha kwanza ya usiku, kisha ivue kwa muda wa saa moja, asubuhi na jioni, uongeze muda kila siku, mpaka ndani ya wiki mbili iwe imeondoka.

Mazoezi yafanywe na mtaalamu wa fiziotherapia akikuona, angalau mwanzoni, kwa sababu kosa la kawaida ni kutumia nguvu. Zoezi la msingi halionekani hata kama ni zoezi. Lala chali, mto mwembamba chini ya kichwa. Vuta kidevu kidogo kuelekea kooni kama mtu anayeitikia "ndiyo" kimyakimya, kichwa kisinyanyuke. Weka vidole viwili kwenye misuli ya mbele ya shingo: ikisimama kama kamba, umezidisha, rudi nyuma. Shikilia sekunde 10, pumua, rudia mara 10, asubuhi na jioni. Lengo ni kuamsha misuli midogo ya ndani inayozishika pingili, ambayo maumivu huizima. Ukiwa umekaa, vuta mabega nyuma na chini kwa sekunde 5, mara 10. Baada ya wiki moja au mbili, ongeza kusukumana: kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume kiganja bila kusogea, kwa robo tu ya nguvu zako, sekunde 5 hadi 10, kisha kisogoni, kisha kila upande.

Utajuaje kama yanakufaa? Angalia maumivu yanakwenda wapi. Yakihama kutoka vidoleni kurudi kwenye kiwiko, kisha begani, hiyo ni dalili njema hata kama shingo yenyewe inauma zaidi kidogo. Yakishuka kuelekea vidoleni na kubaki huko baada ya zoezi, zoezi hilo si lako kwa sasa.

Kwenye cherehani, inua kiti au meza mpaka uweze kuiona sindano kwa kuinama kutoka nyongani, shingo isifanye kazi yote. Kata vitambaa kwenye meza ya usawa wa kiwiko, si sakafuni. Inuka kila baada ya dakika 20 au 30. Vitambaa vya rafu ya juu viteremshwe kwa muda, ili usitazame juu. Simu usiibane kati ya sikio na bega. Usilale kifudifudi, ukilala ubavu, mto ujaze nafasi kati ya bega na sikio, usipungue wala kuzidi.

Kuhusu mtu wa shemeji yako: kukandwa misuli ya bega kwa upole hakuna shida, na kunastarehesha. Kupinduliwa shingo kwa kishindo ukiwa na ganzi na udhaifu wa mkono, kataa, hata kama shemeji atanuna. Mlio ule ni hewa ya kwenye kiungo. Hauthibitishi kwamba kuna kilichorudi mahali pake. Kishindo kinaweza kusukuma diski iliyopasuka ndani zaidi. Na kuna mishipa miwili ya damu inayopanda ndani ya pingili za shingo kuelekea nyuma ya ubongo. Ikichanika ukuta wake, matokeo ni kiharusi. Ni nadra, lakini hakuna mkandaji anayeweza kukuhakikishia kuwa hakitakupata.

Mazoezi na dawa zikishindwa, kuna sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, inayochomwa karibu na neva. Huwapunguzia baadhi ya watu maumivu kwa wiki au miezi, na inasaidia kuvuka kipindi kibaya. Masharti yake ni makali: ichomwe chini ya eksirei au CT, isichomwe kwa kukisia, kwa kuwa mishipa inayolisha ugwe inapita jirani. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu madhara nadra lakini mazito ya sindano hizi, yakiwemo kiharusi na kupooza. Kwa shingo uliza kama watatumia deksamethasoni, ambayo haina chembechembe za kuziba mshipa.

Upasuaji sasa. Ningekushauri uukubali kukiwa na hali mojawapo ya hizi: dalili za ugwe kubanwa; nguvu za mkono zinazoendelea kushuka, hasa zikifika alama ya 3 au chini; au maumivu yasiyovumilika baada ya wiki 6 hadi 12 za tiba iliyofanywa sawasawa, na picha inayolingana na mkono. Wewe una wiki sita za kola na diklofenaki, ambazo kwangu si tiba iliyofanywa sawasawa. Ukingoja bila kupoteza nguvu hupotezi kitu kikubwa: utafiti wa Uswidi wa 1997 uliwalinganisha watu 81 katika makundi matatu: waliopasuliwa, waliofanya fiziotherapia na waliovaa kola. Waliopasuliwa walipata nafuu mapema zaidi, lakini baada ya mwaka tofauti ilikuwa imekwisha.

Ukifika huko, unaofanywa zaidi ni wa kupitia mbele. Mkato wa sentimita chache kwenye mkunjo wa ngozi ya shingo, koo na umio vinasogezwa upande, diski inatolewa yote pamoja na mwiba unaobana, na nafasi yake inawekwa kipande cha mfupa au kijisanduku, mara nyingi na bamba na skrubu. Pingili mbili zinaungana ndani ya miezi 3 hadi 12, na uvutaji wa sigara huzuia kuungana huko. Njia mbadala ni diski bandia, inayobakiza mwendo lakini haifai mifupa iliyolegea au viungo vya nyuma vilivyochakaa sana, au kupanua kitundu kwa kupitia nyuma bila kuunganisha chochote. Kumeza kwa shida na sauti kukwaruza ni kawaida siku za mwanzo na kwa wengi huisha. Shingo kuvimba na pumzi kubana katika saa 24 za kwanza ni damu iliyojikusanya, na muuguzi aitwe papo hapo. Pingili za jirani zinabeba kazi zaidi baadaye, kwa hiyo kila kiungo kisichohitaji kuunganishwa kiachwe. Ukisikia daktari anataka kuunganisha diski zako zote tatu kwa ajili ya gumba na shahada, tafuta maoni mengine. Na ujue kwamba upasuaji unaondoa vizuri maumivu ya mkono. Maumivu ya shingo peke yake hauyaahidi.

Wiki hii rudi kwa yule daktari wa pili. Beba picha zenyewe kwenye CD, si karatasi tu, pamoja na dawa zako zote za presha. Muulize: neva gani imebanwa, je inalingana na vidole vyangu, nguvu ya mkono ni alama ngapi leo, kuna dalili yoyote ya ugwe? Aziandike alama hizo. Baada ya wiki 3 hadi 4 za mazoezi upimwe tena na daktari huyo huyo, alama zilinganishwe. Kama katikati ya hapo pasi itakuponyoka mkononi au sindano itakataa kutungika, usisubiri tarehe ya miadi.